Nimekata machujio matatu ya oili ya injini moja: lipi limeundwa vizuri zaidi?

Mkata_Kopo

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye ujuzi.

Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, na chujio lake la oili ni lile la kopo la bati linalofungwa kwa kuzungushwa, isipokuwa kwamba limelala ubavu badala ya kusimama. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifunga chujio lolote ambalo muuzaji ananiambia linaingia. Hivi karibuni, kila ninapowasha injini asubuhi, taa ya oili inachelewa kuzimika kwa sekunde tatu au nne, na katika muda huo injini inagonga kwa juu, sehemu ya valvu. Kisha mlio unakatika na presha inakaa vizuri hadi jioni. Kabla sijakubali injini ifunguliwe, nilitoa chujio lililokuwa limefungwa, ambalo lilikuwa limetembea kilomita 8,000, nikaliacha lichuruzike usiku kucha, nikalikata kwa msumeno wa chuma. Nikanunua mengine mawili mapya ya watengenezaji tofauti, yote yakiwa yameandikwa kuwa yanafaa injini hii, nayo nikayakata. Kwa nje, ukiondoa rangi, huwezi kuyatofautisha.

La kwanza, hilo lililotumika, lina karatasi ya kahawia yenye mikunjo 42, na juu na chini ya karatasi hiyo kuna vifuniko vya kadibodi ngumu vilivyogandishwa kwa gundi. Mikunjo haikupangwa sawasawa: upande mmoja imebanana mpaka inagusana, upande mwingine imeachana kiasi cha kupitisha kidole. Raba nyeusi iliyo chini ya sahani ya mdomo imekakamaa. Niliikunja kwa kidole gumba ikabaki vilevile nilivyoikunja, kama kipande cha plastiki. La pili lina mikunjo 56 ya karatasi ya manjano hafifu, vifuniko vya bati, mrija wa kati wenye matundu ya duara, na raba laini ya rangi ya chungwa. La tatu, ambalo ndilo ghali kuliko yote, lina mikunjo 38 tu. Kinachochuja humo si karatasi niliyoizoea, bali ni kitu kama kitambaa kizito cheupe kilichoegemezwa kwenye wavu mwembamba wa waya. Raba yake pia ni ya chungwa.

Nilizinyoosha zote tatu na kuzipima kwa rula. Ukizidisha idadi ya mikunjo kwa pande zake mbili, kwa kina cha mkunjo na kwa urefu wake, la kwanza lina eneo la takriban sentimita za mraba 605, la pili 903, na la tatu 660. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu kama eneo ndilo linaloamua, la pili linashinda kwa mbali na la tatu linauza jina tu. Je, eneo ndilo kipimo? Je, vifuniko vya kadibodi ni ubovu, au ni namna nyingine tu ya kutengeneza? Na mlio wangu wa asubuhi una uhusiano na lolote kati ya haya?

Fundi_wa_Zamu

Mkuu, hongera kwa kukata kabla ya kuuliza, maana wengi huhukumu chujio kwa uzito wa kopo. Nianze na mlio, kwa sababu jibu lake umekwisha kulishika mkononi: ni ile raba iliyokakamaa.

Oili inayotoka kwenye pampu huingia katika kopo kupitia matundu madogo yanayozunguka sahani ya mdomo, hujaza nafasi iliyopo kati ya bati na karatasi, hupenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha hutoka ikiwa imechujwa kupitia tundu la katikati, lile lenye uzi (meno ya kukazia), kuelekea kwenye beringi. Raba uliyoikunja ni ulimi wa valvu ya kuzuia oili kurudi. Injini ikizimwa, ulimi huo hulala juu ya yale matundu ya ukingoni na kuyaziba, ili oili iliyomo isichuruzike kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa njia ya pampu. Kopo lililosimama mdomo ukitazama juu hubaki limejaa kama kikombe hata raba ikiwa imekufa, na ndiyo maana kuna watu hutumia chujio la aina hiyo ya kwanza kwa miaka bila kuona tatizo lolote. Lako limelala. Raba isipokaa vizuri, usiku kucha oili inashuka, na asubuhi pampu inalazimika kulijaza kopo kwanza ndipo presha ifike kwenye tapeti za juu, zile zinazosukuma valvu. Sekunde zako tatu au nne zinaishia humo.

Raba nyeusi mara nyingi huwa ya naitrili, ambayo haina ubaya ikiwa mpya, lakini joto la oili huikausha kadiri siku zinavyokwenda. Silikoni hustahimili joto hilo na kubaki laini hata injini ikiwa baridi, na kwa chujio lililolala au lililopinduliwa mdomo chini mimi sifungi kitu kingine. Rangi ya chungwa si uthibitisho, kwa kuwa rangi hutiwa tu. Thibitisha kwa kuikunja kama ulivyofanya, na uone kama inarudi yenyewe.

Sasa kadibodi. Neno lenyewe linatisha, lakini fikiria kazi ya kifuniko hicho. Kipo ndani ya oili, presha ipo pande zake zote, na tofauti ya presha kati ya nje na ndani ya karatasi ni ndogo sana ukilinganisha na presha ya mfumo mzima. Hakibebi mzigo wa kukivunja. Kazi yake ni kushika ncha za mikunjo na kuzifunga zisipitishe. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama gundi imezunguka ncha ya kila mkunjo, na kama kifuniko kimekaa sawa mahali kinapokutana na raba. Nimewahi kukata machujio yenye vifuniko vya bati ambayo gundi ilikuwa imeruka mikunjo mitatu kwa mfululizo, na uchafu ulikuwa umepita hapo ukaacha mstari mweusi upande wa ndani, ambako panatakiwa pawe safi. Kwa upande wa kadibodi, ubaya ninaouona mara kwa mara ni kwamba ukingo wake wa ndani hauwi laini, na raba ikiukalia haushiki vizuri.

Hili la ukingo nataka ulitazame kwa makini kuliko karatasi. Ile raba ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: ukingo wake wa ndani ndio unaotenga oili chafu na oili safi pale karatasi inapokutana na sahani ya mdomo. Kinachoikandamiza ni springi iliyo kwenye kitako cha kopo. Springi ikiwa dhaifu, oili chafu inapita pembeni ya raba na kuingia tundu la katikati bila kugusa karatasi hata kidogo. Tafadhali, kabla hujatupa mabaki, angalia springi za hayo mawili mapya ni za aina gani, na valvu ya baipasi, ile inayofunguka kupitisha oili bila kuchujwa karatasi inapoziba, iko wapi.

Msoma_Mikroni

Namuunga mkono Fundi kwa yote aliyosema kuhusu raba, na naomba nichukue swali la eneo, kwa kuwa hapo ndugu yetu amelinganisha vitu viwili visivyolinganishika kwa rula.

Karatasi ya kawaida ya chujio hutengenezwa kwa nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mbao, zinazolowekwa katika gundi ya resini na kupitishwa kwenye joto ili zisilegee ndani ya oili moto. Nyuzi hizo ni nene, mara nyingi zaidi ya mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na umbo lake halilingani, hivyo matundu yanayobaki kati yake ni makubwa kwa madogo bila mpangilio. Chembe nyingi hukwama usoni mwa karatasi. Ili karatasi ya namna hii idumu, lazima uipe uso mkubwa, na ndiyo sababu mtengenezaji makini huongeza mikunjo. Nyuzi za kioo, ambazo nadhani ndizo ulizoziona katika chujio la tatu, zina unene wa mikroni chache tu, nyingine chini ya mikroni moja. Kwa unene uleule wa kitambaa unapata nyuzi nyingi zaidi na nafasi nyingi zaidi kati yake, kwa hiyo chembe hunaswa ndani ya kina cha kitambaa na si usoni peke yake. Sentimita moja ya mraba ya kitambaa hicho hubeba uchafu mwingi kuliko sentimita ya karatasi, na huku ikipitisha oili kwa urahisi. Kwa kuwa ni kizito, hakikunjiki kwa kubana, na kwa kuwa nyuzi za kioo hazina ugumu wa kujisimamia, huwekewa ule wavu wa waya ili mikunjo isilale. Mikunjo 38 haikutokana na ubahili.

Kuna pia jambo la maji. Injini inayosafiri safari fupi hukusanya unyevu ndani ya oili, na selulosi hunyonya maji, huvimba na kudhoofika; nyuzi za kioo hazinyonyi. La pili lako, kwa rangi uliyoieleza, huenda ni mchanganyiko wa selulosi na nyuzi za sintetiki, jambo ambalo ni la kawaida sana siku hizi na ambalo mimi naliona kuwa chaguo la busara kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, tafuta namba. Kipimo kinachotambulika ni cha ISO 4548-12, ambapo oili yenye vumbi la majaribio huzungushwa katika chujio mara nyingi, na chembe huhesabiwa kabla na baada ya chujio kwa kila ukubwa. Uwiano wa hesabu hizo mbili huitwa beta. Beta ya 2 maana yake nusu ya chembe za ukubwa huo zimepita. Beta ya 20 ni asilimia 95 zilizonaswa. Beta ya 100 ni asilimia 99. Mtu akiona 95 na 99 hudhani ni karibu sawa, lakini hesabu kile kinachopita: katika chembe 100, chujio la beta 20 limeachia tano na la beta 100 moja, yaani injini imekula mara tano zaidi kila oili inapopita. Na oili hupita mara nyingi, kwani kwa kasi ya safari pampu huizungusha oili yote ya sampu mara kadhaa kwa dakika.

Namba ya asilimia bila ukubwa wa chembe haina maana yoyote. Chujio linaloandikwa “asilimia 99” huku ukubwa ukifichwa linaweza kuwa linazungumzia chembe za mikroni 40, ilhali utando wa oili kwenye beringi ni wa mikroni chache na chembe zinazokwangua zaidi ni zile za kati ya mikroni 5 na 20 hivi, ndogo mno kuliko unywele wa binadamu ambao una takriban mikroni 70. Dai la asilimia 99 kwa mikroni 20, likiwa limetajwa pamoja na kipimo cha ISO, ni dai ambalo mtengenezaji anaweza kubanwa kwalo.

Dereva_wa_Masafa

Naheshimu maelezo ya kitaalamu, lakini naomba kupinga kidogo. Nimefundishwa tangu nianze kazi kwamba chujio linalonasa chembe ndogo sana huinyima injini oili, na kwamba ni afadhali oili yenye uchafu kidogo kuliko beringi kavu. Kitambaa kinene chenye wavu nyuma yake si kitazuia oili, hasa ikiwa baridi na nzito? Na zile injini za zamani zilizodumu miongo mingi, mbona hazikuwa na vitambaa hivi?

Msoma_Mikroni

Mzee wangu, kanuni uliyofundishwa ni ya kweli, ila kinachoilinda kipo tayari ndani ya mfumo. Pampu ya oili husukuma kiasi maalumu kila inapozunguka. Haijali kama mbele yake kuna chujio rahisi au gumu. Chujio likiwa gumu kidogo, presha ya kabla yake hupanda kidogo na oili ileile hupita. Upungufu huanza tu pale presha inapopanda hadi valvu ya pampu ya kupunguza presha ikafunguka na kurudisha oili kwenye sampu. Kabla hatujafika huko, valvu ya baipasi ya chujio hufunguka. Kwa injini nyingi za magari madogo, hufunguka tofauti ya presha kati ya pande mbili za karatasi inapofika kati ya takriban bari 0.5 na 1.5, kulingana na mtengenezaji wa injini. Wakati huo oili hupita bila kuchujwa, jambo baya lakini si baya kama ukavu.

Hivyo ndivyo hofu yako inavyogeuka upande wa pili. Karatasi yenye eneo dogo, iliyobanana upande mmoja kama ile ya kwanza hapo juu, ndiyo inayopandisha presha mapema na kuifungua baipasi mara kwa mara asubuhi oili ikiwa nzito. Kitambaa cha nyuzi za kioo huwa rahisi kupitika kikiwa kipya kuliko selulosi inayonasa chembe za ukubwa uleule. Kuhusu injini za zamani, nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilichuja sehemu tu ya oili na iliyobaki ilikwenda kwenye beringi ikiwa na uchafu wake. Zilikuwa na nafasi pana zaidi, na zilifunguliwa na kufanyiwa marekebisho makubwa mapema kuliko tunavyoweza kuvumilia leo.

Fundi_wa_Zamu

Niongeze mawili ambayo yamenigharimu usingizi.

Kwanza ni mahali pa baipasi. Ikiwa kwenye kitako cha kopo, oili inayoruka karatasi hupita kwanza juu ya mikunjo yote michafu na inaweza kubeba uchafu uliokwisha kunaswa. Ikiwa karibu na mdomo, njia ni fupi na uchafu unaachwa ulipo. Mimi napendelea ya mdomoni, ingawa sikatai chujio zuri kwa sababu hiyo peke yake. Pia kuna injini ambazo baipasi yake imo kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenyewe, na chujio lake halina valvu hiyo kabisa. Ukifunga chujio lisilo na baipasi kwenye injini inayoihitaji, karatasi inaweza kupasuka au mrija wa kati ukabonyea, na vipande vikaingia kwenye njia za oili. Magari mengine hayana kopo kabisa, yana karatasi tupu inayoingia katika nyumba ya kudumu yenye kifuniko cha plastiki. Huko mrija wa kati na baipasi mara nyingi ni sehemu ya nyumba, na makosa yanayoonekana zaidi ni kusahau kubadilisha pete za raba au kukaza kifuniko kupita kiasi hadi kikapasuka.

Pili ni uzi. Kuna uzi wa milimita 20 wenye hatua (umbali kati ya meno) ya milimita 1.5, na kuna uzi wa robo tatu ya inchi wenye meno 16 kwa inchi, ambao upana wake ni milimita 19.05. Chujio la milimita 20 linaweza kuingia kwenye bolti ya robo tatu, likazunguka, gasketi ikagusa na ukadhani limekaza, kumbe meno hayajashikana. Presha ikipanda linaruka. “Linaingia” si sawa na “linafaa”, na nilimwona mteja akipoteza oili yote barabarani kwa tofauti hiyo ya chini ya milimita moja.

Na umesema ulitumia msumeno. Msumeno humwaga unga wa chuma ndani ya mikunjo, kwa hiyo chembe zozote zinazong’aa utakazoziona katika chujio hilo usizihesabu kuwa za injini. Tafuta kikatio cha gurudumu, kile kinachofanana na kikatio cha mabomba. Hukata kingo ya kopo bila kutoa unga.

Mkata_Kopo

Nashukuru sana, wakuu. Nimerudi kwenye mabaki nikiwa na tochi.

Yote mawili mapya yana baipasi kwenye kitako. La pili lina springi ya bati bapa ambayo ndiyo pia inayoshikilia valvu hiyo. Niliirudisha mahali pake kwenye kifuniko cha bati, nikaikandamiza kwa mikono miwili, nikaweka tochi ndani ya mrija wa kati katika chumba chenye giza. Mwanga ulitoka kwa mstari mwembamba karibu robo ya duara, pale ambapo bati linakutana na bati, yaani kuna mlango uliokuwa wazi tangu siku lilipotoka kiwandani, pamoja na mikunjo yake 56. La tatu lina springi ya kuzunguka, na baipasi yake ina kiti cha raba. Sikuona mwanga hata nilipoigeuza. Gundi yake imezunguka kila ncha, na kitambaa kimeunganishwa kwa mshono ulionyooka usio na tundu.

Nimefunga jipya la aina hiyo ya tatu baada ya kulinganisha uzi wake na bolti kwa kalipa: ni milimita 20 kwa milimita 20. Nilipaka gasketi oili safi, nikahakikisha gasketi ya zamani haikubaki imeng’ang’ania kwenye injini, nikalikaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa, kama lilivyoandikwa kwenye kopo. Leo ni asubuhi ya tisa. Taa inazimika ndani ya sekunde moja hivi, na juu ya injini hakuna mlio wowote wa kugonga.

Katika lile la zamani niliokota punje saba zinazong’aa kutoka kwenye mikunjo. Sumaku ilishika sita, ambazo sasa naamini ni za msumeno wangu. Moja haikushikwa, ni laini, na inakwaruzika kwa kucha. Nimeihifadhi kwenye karatasi nyeupe, nimeazima kikatio cha gurudumu, na chujio hili nitalikata kwenye kilomita 5,000 badala ya 8,000 ili nione kama kuna nyingine ya namna hiyo. Fundi, kama unaweza kutambua kwa picha iwapo ni aluminiamu au ni ngozi ya beringi, nitaiweka hapa kesho mchana kwenye mwanga wa jua.